Kushusha tangi la petroli la Probox, kutu ishakula

MtuWaMtongwe
Salaam wadau. Probox yangu nikijaza kupita nusu tangi naskia harufu ndani, asubuhi nakuta mchanga chini umelowa. Nimechungulia, kutu imekula pale linapopita mkanda wa chuma, si mwajua hii hewa yetu ya chumvi na gari kila siku iko ferini. Fundi mmoja mtaani aniambia nimletee apige weldi tu, elfu mbili. Mi nataka nilishushe mwenyewe nitie la mtumba, nianzie wapi?

spana12
Shekhe, wa weldi mkimbie. Tangi tupu ndo baya kuliko lililojaa, kinacholipuka ni mvuke, na ule ni mzito kuliko hewa, watambaa chini chini mpaka kwa jiko la jirani. Fanyia nje penye upepo, usiingie shimo la gereji, na ile taa ya balbu ya waya wacha kabisa, tumia tochi.

Iendeshe ishuke mpaka robo. Injini ikinguruma chomoa fyuzi ya pampu, itazima yenyewe, presha kwa paipu ishaisha, ndo utoe negative ya betri. Ekzosi ipoe kwanza. Petroli iliyobaki itoe na pampu ya mkono, SI mdomo, mi nilijaribu nikacheua petroli siku mbili. Jerikeni iwe chini ardhini, si kwa buti. Halafu nyanyua gari ulikalishe kwa stendi, usilale chini ya jeki peke yake hata dakika moja. Nyanyua kiti cha nyuma uchomoe soketi ya pampu, piga picha mipira yote, weka jeki na ubao chini ya tangi, legeza mikanda, shusha sentimita 10 hivi usimame hapo hapo, kuna kampira ka kupumulia huko juu wengi wanakakata.

BintiMagongo
Bolti za mikanda zipulizie mafuta ya kutu tangu jana yake, zikigoma ongeza ulale, grinda usithubutu. Na hilo la mtumba limulike ndani kabla hujalipa, ukiona kutu kama majani ya chai rudisha. Sili ya pampu nunua mpya.

MtuWaMtongwe
Limeshuka jana wallahi. Bolti moja ilikatika hata sijaivuta, na pale pa kutu nilibonyeza kidole gumba kikazama. Kampira ka juu kidogo nikakate, nikakumbuka maneno yenu. La mtumba limeingia, nimetia lita 5, nikafungua switch mara 3 bila kustart, nikachungulia, kukavu. Ila geji yasoma nusu na ni lita 5 tu??

spana12
Utakuwa umekunja mkono wa floti, lile boya la geji lililo kwa pampu, ulipoiingiza. Itoe pampu tena uunyooshe, na betri uchomoe tena, usione uvivu.

MtuWaMtongwe
Kumbe. Haya, Jumapili tena.