Kasha Namba 6

*Kundi: Tuliomaliza 1996*

ALHAMISI

20:02 Rukia Katibu: Assalaam aleikum wana 96. Zimebaki siku mbili tufanye usiku wetu wa urithi na mnada wa kimya. Jumamosi baada ya Magharibi, uani kwa Bi Mize, Kikwajuni. Kiingilio 20,000, biriani humo humo. Atakayesema hakuambiwa anajitia.

20:04 Saleh Toronto: Waaleikum salaam. Huo mnada wa kimya ndio upi tena? Dalali kakaukiwa na sauti?

20:06 Rukia Katibu: Dalali hayupo kabisa. Kila kitu kinawekwa mezani, mbele yake karatasi. Unaandika namba yako na bei, jina huandiki. Anayekuja baada yako anapanda, si chini ya 10,000. Saa tatu kamili usiku Mwanaisha anagonga kengele, karatasi zinakusanywa, bei ya mwisho ndiyo iliyonunua. Mlio mbali mtumieni Mwanaisha faragha, atawaandikia.

20:07 Kombo: Kwa nini namba, si jina?

20:07 Rukia Katibu: Usije ukaona haya kumpandia shemegi yako.

20:09 Mwanaisha Hazina: Na kwa mnaoniuliza kila siku pesa zinakwenda wapi: wasichana watatu wa skuli yetu wamepata nafasi chuo. Mkopo wataomba, lakini mkopo una siku zake za kufika, na godoro, nauli ya boti na dahalia vinataka pesa siku ya kwanza. Ndiyo hiyo tu.

20:12 Rukia Katibu: Vitu vilivyokwisha kufika: doti ya kisutu mpya (inaanzia 30,000), mkeka wa ukili futi sita (50,000), mbuzi ya kukunia nazi (20,000), bao la mashimo 32 na kete zake 64, nimezihesabu mwenyewe (60,000). Namba 5 ni darasa: Bi Mize atamfundisha mtu kushona kofia ya viua, Jumamosi nane (100,000). Namba 6, kasha la njumu la zamani, lile la misumari ya shaba, kufuli zima, ufunguo haupo (300,000). Picha hizo.

20:15 Kombo: Mie naweza kuleta gunia la karafuu kutoka Wete?

20:16 Maalim Juma: Kombo, karafuu zinauzwa Shirika la serikali tu. Unataka shughuli ya skuli iingie katika habari za magendo?

20:16 Kombo: Ya jikoni basi Maalim, pakiti moja 😅

20:17 Rukia Katibu: Ya jikoni itaingia kwenye biriani.

20:31 Hemed Muscat: Subirini kwanza

20:31 Hemed Muscat: Hilo namba 6 ni kasha la mama. Nalijua kwa msumari uliong'oka pembe ya kushoto. Niliung'oa mwenyewe.

20:32 Hemed Muscat: Nani kalitoa?

20:40 Zuhura: Mie.

20:41 Hemed Muscat: Dada! Kasha la mama unalipeleka mnadani pamoja na mbuzi ya nazi?

20:43 Zuhura: Mbuzi ya nazi ina kazi. Kasha limekaa ukumbini kwangu tangu 2014 linakula vumbi, na anayenunua dawa ya mchwa ni mie.

20:43 Hemed Muscat: Hiyo ni mali ya mirathi.

20:46 Zuhura: Mirathi tuligawa, ami yupo na mashahidi wapo. Wewe kiwanja cha Fuoni, mie kasha na cherehani. Kiwanja ulikiuza. Nilikuuliza?

20:47 Kombo: 👀

20:48 Hemed Muscat: _Ujumbe huu umefutwa_

20:48 Saleh Toronto: Mie nimeuwahi 😂

20:49 Rukia Katibu: Jamani ya nyumbani yamalizwe nyumbani.

20:58 Maalim Juma: Wanangu, niruhusuni na mie mzee niseme. Beit al-Ajaib, ile nyumba ya Sultani pale Forodhani, ilijengwa 1883. Ilisimama miaka 137, tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja ukaporomoka mchana. Nakumbuka humu ndani kila mtu aliweka picha na machozi. Leo tunafanya usiku wa urithi, na kwenye usiku huo huo tunauza urithi. Mie sijafahamu.

21:10 Zuhura: Maalim, kwa heshima yako. Beit al-Ajaib ni ya nchi nzima. Kasha lilikuwa la bibi yetu, aliolewa nalo. Ndani mlikuwa na kanga zake, udi na bangili mbili za fedha. Hakujua kusoma, alitia dole gumba mpaka anakufa. Mama alifika darasa la nne. Sisi tumesoma kwa ile cherehani, Hemed anajua. Kasha kazi yake ni mwali asitoke kwao mikono mitupu. Hawa watatu wanatoka kwao. Mie naona nalirudisha kazini.

21:19 Maalim Juma: Nimekusikia mwanangu.

21:21 Maalim Juma: Lakini lisitoke nchini. Kitu cha kale hakisafirishwi bila kibali cha Mambo ya Kale. Saleh, nakuona.

21:22 Saleh Toronto: Maalim wallahi mie nilikuwa nautaka mkeka 😭

21:25 Maalim Juma: Na kwenye kadi msiandike "kasha asilia la Kizanzibari". Mengi ya makasha haya yalikuja na majahazi kutoka Bara Hindi, Surat na Bombay, mengine kutoka Ghuba. Sisi tukayapa jina. Hemed, huko Oman wanaliitaje?

21:33 Hemed Muscat: Mandusi, Maalim.

IJUMAA

10:15 Rukia Katibu: Maneno ya mshereheshaji haya, yapitieni. "Bibi Siti binti Saad, mzaliwa wa mjini Unguja, malkia wa taarab…"

10:21 Maalim Juma: Mzaliwa wa Fumba. Mjini alikuja kuuza vyungu, akitembea na huku anaimba. Na mtajeni kwamba 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Msipotaja hilo mmetaja nini?

10:22 Rukia Katibu: Nimerekebisha. Ahsante Maalim.

16:40 Kombo: Kasha limefika kwa Bi Mize. Vijana wanne na mie wa tano nikitoa amri. Lakini kuna kitu kinagonga ndani.

16:41 Saleh Toronto: Kinagongaje?

16:41 Kombo: Ukiliinamisha kinakwenda tok, kinarudi tok.

16:42 Saleh Toronto: Mwanaisha, mie niandike 400,000.

16:43 Mwanaisha Hazina: Si ulitaka mkeka?

16:50 Rukia Katibu: Kilichomo ni cha watoto wa marehemu, kinarudi kwao. Tunauza kasha, hatuuzi tok. Na fundi wa kufuli kaja kaondoka, kasema akilifungua atalivunja.

16:52 Bi Mize: [Ujumbe wa sauti, 3:12]

16:53 Kombo: Bi Mize tuandikie, mie niko darini ya watu

16:58 Rukia Katibu: Anasema makasha ya namna hii yana droo za siri chini, na yeye la kwao lilikuwa nazo tatu. Dakika mbili zilizobaki anawaapiza waliomaliza chai yake wakati wanaleta meza.

17:30 Hemed Muscat: Mwanaisha. 500,000.

JUMAMOSI

19:05 Rukia Katibu: [Picha] Watu wanaingia. Mlangoni kila mwanamke anapewa kikuba cha asumini. Wanaume wanakitaka pia, sijui wanakwenda nacho wapi.

19:30 Kombo: Ganuni limekatika nyuzi mbili. Fidla na udi vinaendelea. Hakuna aliyejua ila mpigaji na mie.

19:31 Bi Mize: Na mie nimejua

19:48 Mwanaisha Hazina: Kwa mlio mbali. Mkeka 110,000. Kisutu 70,000. Bao 90,000. Darasa la kofia 380,000 (!!). Kasha 700,000, namba 9.

19:49 Hemed Muscat: Namba 9 nani?

19:49 Mwanaisha Hazina: Namba 9 ni namba 9.

19:50 Hemed Muscat: 800

19:52 Saleh Toronto: 900. Basi mie naishia hapo, mama watoto yuko nyuma yangu anasoma.

20:10 Mwanaisha Hazina: Namba 9: milioni moja na laki mbili.

20:12 Hemed Muscat: Muulizeni analitakia nini. Ana kwa kuliweka?

20:13 Rukia Katibu: Kaka Hemed, andika bei au kaa kimya. Ndiyo maana ukaitwa mnada wa kimya.

20:30 Hemed Muscat: Milioni 1.5

20:41 Mwanaisha Hazina: Namba 9: 1,800,000.

20:44 Zuhura: Hemed mdogo wangu, wacha. Una watoto wa kusomesha.

20:45 Hemed Muscat: Dada wewe hukuniuliza, na mie sikuulizi.

20:58 Hemed Muscat: Mwanaisha, riali 300. Fanya hesabu wewe. Huku karibu saa nne, msiniambie nimechelewa

20:59 Mwanaisha Hazina: Si saa yako, ni saa ya kengele yangu. Nimeandika 1,950,000.

21:00 Rukia Katibu: 🔔🔔🔔 KARATASI JUU!

21:03 Rukia Katibu: Kasha limekwenda Muscat. Yaani limenunuliwa na Muscat. Maalim usinipigie.

JUMAPILI

09:20 Mwanaisha Hazina: Hesabu. Viingilio watu 112, sawa na 2,240,000. Kasha 1,950,000. Darasa la kofia 620,000. Mkeka 150,000, kisutu 90,000, vilivyobaki vyote pamoja 410,000. Jumla 5,460,000. Chakula, viti na wapigaji 1,310,000. Zimebaki 4,150,000. Risiti ninazo, anayetaka aje nyumbani, chai hakuna.

09:24 Kombo: Viti vya kukodi bei hiyo?

09:25 Mwanaisha Hazina: Mwakani vilete vyako.

09:31 Rukia Katibu: Aliyepata darasa la kofia ni kijana wa miaka 19, mtoto wa Fatma, baba yake na ami zake wamemchangia. Bi Mize kafurahi kuliko sote. Kasema alidhani ufundi utakwenda naye kaburini, na kwamba kijana aje na macho yake, miwani asije nayo.

09:40 Maalim Juma: Namba 9 nilikuwa mie.

09:40 Saleh Toronto: MAALIM

09:43 Maalim Juma: Niliogopa litapanda ndege. Mwanaisha alipoandika ile 1,950,000 nilishukuru Mungu, maana hiyo 1,800,000 yangu sikuwa nayo. Ilikuwa nikamkope mwanangu.

09:45 Hemed Muscat: Maalim unanisamehe. Si ungenipigia tu!

09:46 Maalim Juma: Mnada ulikuwa wa kimya.

10:02 Rukia Katibu: Sasa Kaka Hemed, mzigo wako utauchukuaje? Bi Mize anautaka uwa wake.

10:08 Hemed Muscat: Nimeuliza. Kibali, mbao za kufungia, meli. Haliji. Dada, naomba liwekwe pale pale ukumbini kwako.

10:10 Zuhura: Pale pale palipokuwa?

10:10 Hemed Muscat: Pale pale.

10:11 Zuhura: Umelipa karibu milioni mbili kasha likatembee Kikwajuni likarudi.

10:12 Kombo: Na waliolitembeza ni sisi. Mgongo wangu hauko sawa.

10:14 Zuhura: Na hiyo tok imenilaza macho. Kesho namwita fundi alivunje hilo kufuli.

10:19 Hemed Muscat: Subiri dada usivunje

10:26 Hemed Muscat: [Picha]

10:26 Hemed Muscat: Si huu? Nimeufungia funguo za gari. Niliondoka nao baada ya khitma ya mama, nikidhani ni wa mlango wa uani.

10:27 Zuhura: Hemed!!! Miaka yote hiyo nautafuta mpaka ndani ya magodoro.

10:28 Hemed Muscat: Desemba nakuja nao.

10:30 Zuhura: Njoo nao. Na pesa ya dawa ya mchwa, kasha sasa ni lako.