Jamani, mmelisikia hilo tetemeko?

Kikundi: MAJIRANI IGOGO JUU, MWANZA

Saa 3:41 usiku

Mama Kulwa: Jamani, mmelisikia hilo? Nyumba imetikisika sasa hivi!

Baba Neema: Mimi sijasikia kitu. Niko kwenye bodaboda hapa Mkuyuni, narudi.

Mama Kulwa: Nilikuwa nimekaa chini nachambua dagaa. Kishindo kimoja, kama lori limegonga ukuta, kisha sakafu ikatetemeka kidogo, kikaisha. Maji kwenye ndoo bado yanacheza.

Mama Sada: Hata huku! Vikombe vimegongana kabatini. Mume wangu alikuwa nje anaongea na simu, ananiambia naota.

Fundi: Mimi hola. Nilikuwa natembea.

Mwalimu: Poleni. Hilo ni tetemeko dogo. Aliyekaa au kulala ndiye hulisikia, anayetembea au aliye kwenye chombo linampita tu. Watoto wote wazima?

Mama Kulwa: Wazima, Mwalimu. Kulwa kaamka analia, Doto hata hajageuka.

Baba Neema: Mbona huku Mkuyuni hakuna anayelizungumzia? Si karibu tu hapo.

Mwalimu: Likiwa dogo na likatokea karibu na uso wa ardhi, linawashtua walio jirani nalo tu, tena kwa ghafla. Lile la Kagera 2016 lilitokea chini sana, kama kilomita 40, na lilikuwa na nguvu ya 5.9, ndiyo maana lilisikika mpaka huku kwetu na Uganda.

Bibi: Hilo msinikumbushe. Nilikuwa Hamugembe, Bukoba, kwa binti yangu, Jumamosi tarehe 10 Septemba, alasiri. Ukuta wa jikoni ulilala wote upande wa nje, na sufuria ikabaki jikoni inachemka. Tulilala uani siku nyingi, watoto wanaogopa kuingia ndani.

Mama Kulwa: Shikamoo bibi. Pole sana.

Bibi: Marahaba mwanangu. Usiku huu msilale karibu na ukuta wenye ufa. Vuteni magodoro.

Mama Sada: Jamani kuna sauti imetumwa kwenye kikundi cha vikoba, eti saa 8 usiku linakuja kubwa zaidi, tutoke wote nje. Niilete hapa?

Mwalimu: Usiilete, dada yangu, tafadhali. Hakuna mtu duniani anayeweza kutaja saa ya tetemeko. Mitikisiko midogo ya baadaye inaweza kuja, ila mwenye kusema "saa 8" anawatisha watu bure. Mtu akikimbia gizani kwenye hizi ngazi zetu za mawe, ataumia kabla ya tetemeko lenyewe.

Mama Sada: Sawa, nimeifuta.

Fundi: Mimi hofu yangu ni mawe. Sisi tumejenga chini ya majabali. Lile lililo juu ya kwa Mama Kulwa limeegemea kijiwe kidogo upande wa bondeni, na mvua za masika zimekula udongo wake. Nyumba yenyewe ni tofali za kuchoma zilizojengewa kwa udongo, haina lenta, ule mkanda wa zege unaofunga kuta zote pamoja. Ukuta usiofungwa lenta ukitikiswa, kila upande unakwenda njia yake.

Mama Kulwa: Fundi unanitia hofu.

Fundi: Nakwambia kwa sababu naipenda familia yako. Leo watoto walale chumba cha mbele, mbali na upande wa jiwe. Washa tochi uangalie kona za madirisha, ufa huanzia hapo.

Saa 4:06 usiku

Mama Kulwa: Nimeangalia. Dirisha la nyuma lina ufa wa kulala, kidole kinaingia. Wa zamani ulikuwa mwembamba kama uzi. Plasta imedondoka kitandani.

Mwalimu: Ondokeni chumba hicho sasa hivi. Usisubiri asubuhi.

Mama Sada: Njooni kwangu, sebule ni kubwa. Mkeka upo.

Mjumbe: Nimesoma yote. Baba Neema, ukifika pitia kwa Mama Kulwa umsaidie kubeba watoto. Asubuhi saa 1 mimi na Fundi tunapanda kuliangalia jiwe, kisha naenda kwa mtendaji wa mtaa na picha za ufa. Kila mwenye ufa mpya apige picha ya mchana, aweke na kalamu pembeni ili upana uonekane.

Baba Neema: Nimeshafika bondeni. Napanda.

Mama Kulwa: Asanteni. Tunatoka na Kulwa, Doto bado amelala, nambeba.