Programu ya zamani ya mizani na malipo ya AMCOS: iandikwe upya kwa zana gani?

Vwawa: Wadau, zipo AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa mazao) za kahawa huku kwetu Mbozi zinazopima na kulipa kwa programu ya Visual Basic 6, data zote zikiwa kwenye faili moja la Access (hifadhidata ya Microsoft) ndani ya folda ya pamoja. Microsoft ilishaacha kuihudumia zana hiyo ya VB6 mwaka 2008. Faili la Access mwisho wake ni GB 2, na umeme ukikatika wakati mashine mbili zinaandika, linaweza kuharibika. Hapo hatubishani, iandikwe upya. Ubishi uko kwenye zana, na kwa kuwa hela ni makato ya wanachama, suala hili si la meneja na fundi wake tu. Msimamo wangu: ibaki programu ya mezani, iandikwe kwa lugha ya C# na data zikae kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Karibuni mnipinge.

Mwanjelwa: Napinga, mkuu. Programu ya mezani maana yake kila marekebisho yanakupeleka kituo hadi kituo kuweka toleo jipya. Weka seva moja ofisini, vituo vifungue kwa brauza, umemaliza. Halafu kijana anayemaliza MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia Mbeya) leo ukimpa JavaScript, lugha ya brauza, anaanza kazi wiki hiyohiyo.

Fundi Mizani: Mwanjelwa, umesahau kifaa kimoja. Mizani ile inaongea kwa waya wa siriali. Chrome na Edge zinaweza kuusoma, lakini ukurasa lazima uwe wa HTTPS (muunganisho uliosimbwa kwa usalama) au utoke kwenye mashine hiyohiyo. Ukifungua http://192.168.1.10 kutoka seva ya ofisini, brauza inakataa na mizani haionekani kabisa. Printa ya riboni ndiyo ngumu zaidi. Programu ya zamani inaipelekea maandishi moja kwa moja, risiti inatoka chap. Brauza inapitia draiva, inachora ukurasa mzima kama picha, na kwa kawaida kila risiti inakuletea dirisha la kuthibitisha. Foleni ya wakulima wenye magunia haingoji hayo.

Kwa yeyote atakayeandika, zana yoyote ile: usisome mizani ukadhani kila usomaji ni uzito kamili. Data zinafika vipande vipande, "+00" kwanza, "46.5kg" baadaye. Zikusanye mpaka alama ya mwisho wa mstari ndipo uchambue. Mizani nyingine hutanguliza ST uzito ukitulia na US ukiwa bado unacheza. Usipokee US, la sivyo gunia linaandikwa kabla halijatulia. Na adapta za USB za bei rahisi zikihamishiwa tundu jingine hubadilisha namba ya COM (namba ya mlango wa siriali), kwa hiyo namba hiyo ikae kwenye mipangilio, isikae ndani ya msimbo.

Mhasibu Tukuyu: Mnabishana kuhusu skrini, mimi naogopa shilingi. Tuseme kilo 46.5 kwa bei ya 1,325: inakuja 61,612.5. Amri ya Round ya VB6 inapeleka nusu kwenye namba shufwa, inakupa 61,612. Format, ambayo wengi waliitumia kuchapa risiti, inakupa 61,613. Ina maana hata programu ya zamani yenyewe, risiti na leja zinaweza kupishana shilingi moja. Math.Round ya C# ukiiacha ilivyo inafuata shufwa, PostgreSQL kwenye numeric (aina yake ya namba kamili za desimali) inapandisha. Mkiandika hesabu nusu kwenye programu na nusu kwenye hifadhidata, mmejitengenezea kesi ya mkutano mkuu. Kanuni iandikwe kwenye karatasi na bodi iipitishe kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo. Na fedha ikae kwenye decimal, kamwe isikae kwenye double, aina ya namba inayokadiria desimali.

Kihesa: Dada mhasibu amegusa penyewe. Ila kwenye zana nawauliza, kwa nini mnairuka Lazarus, zana ya kuandika programu kwa lugha ya Pascal? Inatoa faili moja la kuendesha, halihitaji kusakinishiwa kitu kingine, mashine ya RAM GB 2 inalibeba, na msimbo uleule unaweza kujengwa upya kwa Linux. Leseni yake hailipiwi hata ukiuza programu. C# kwa WinForms (zana yake ya kutengeneza madirisha) inakufunga kwenye Windows, na toleo la muda mrefu la .NET, jukwaa linaloendesha C#, linahudumiwa miaka mitatu tu, kisha uhamie jingine.

Vwawa: Kuhamia toleo jipya la .NET mara nyingi ni kujenga upya na kupima, mkuu. Kumpata mtu wa Pascal Mbeya, aliyeiandika programu mwanzoni akiondoka, ndiyo kazi.

Kitu kingine kitakachotukamata bila kujali zana ni tarehe. SQL (lugha ya kuuliza data) ya Access inasoma #05/07/2019# Kimarekani, yaani Mei 7. Lakini #25/07/2019# inaipokea kama Julai 25, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Pale mwandishi wa zamani alipounganisha tarehe kama maandishi, siku za 1 hadi 12 zimegeuka na nyingine ziko sawa. Njia ya kuzikamata: panga rekodi kwa namba ya risiti, halafu tafuta tarehe inayoruka nyuma au mbele ya jirani zake. Msirekebishe kwa amri moja ya jumla, mtaziharibu zilizo sahihi.

Mwanjelwa: Kwenye mizani nimekubali: kituoni iwepo programu ndogo ya mezani inayopima, kuchapa na kuhifadhi kwenye SQLite (hifadhidata ndogo ya faili moja) ya mashine hiyohiyo, kisha itume ofisini mtandao ukirudi. Ila taarifa za bodi na malipo ya pili (yale ya baada ya kahawa kuuzwa) zibaki kwenye brauza, hapo sirudi nyuma.

Fundi Mizani: Hiyo naiunga mkono, kwa sharti moja: faili la SQLite lisiwekwe kwenye folda ya pamoja, maana ufungaji wake kwenye mtandao hauaminiki. Na kila risiti ibebe alama ya kituo pamoja na namba, vinginevyo vituo viwili vitatuma namba 1042 siku moja na mkulima mmoja atafutika.

Mhasibu Tukuyu: Basi msimu mmoja mzima programu zote mbili ziende sambamba, jioni tulinganishe jumla kwa kila mkulima. Jumla ya kituo inaweza kulingana huku watu wawili wamebadilishana kilo.

Kihesa: Msimu mzima karani aingize mara mbili? Wiki tatu za kilele zinatosha, mradi malipo ya pili ya msimu uliopita yapigwe upya kwenye programu mpya.

Mhasibu Tukuyu: Wiki tatu hazina makato ya pembejeo, kaka. Hayo yanaingia mwishoni, na ndiko wanachama wanakolalamika.