Mrejesho: salamanda wadogo na wakubwa tanki moja

Niliuliza kama salamanda wa majini wa China, wale amfibia wenye mkia na tumbo jekundu (Cynops orientalis), wanaweza kukaa na watoto wao. Jibu ni hapana, na nimeshawatenganisha. Asanteni wakuu.

Mkubwa humeza chochote kinachoenea mdomoni, na hata asipommeza mtoto, akikurupukia chakula anaweza kumng'oa kidole. Ila kubwa zaidi ni hili: mtoto akishapoteza matamvua ya nje (ya kupumulia majini) huhama maji. Ukimrudisha kwenye kina kirefu bila pa kupanda, anazama.

Sasa wadogo wako kwenye kontena la plastiki: karatasi ya jikoni iliyoloweshwa na kukamuliwa, kigae cha kujifichia, kisahani cha maji ya sentimita 1. Mfuniko ubane hasa, maana wakiwa na unyevu hupanda ukuta wima. Wanakula inzi wa matunda na vipande vidogo vya nyungunyungu. Chakula kilichobaki kinatolewa siku hiyohiyo, kikioza ukungu unaingia. Joto lisipite nyuzi 22 za Selsiasi.

Kuwaunganisha? Mpaka waingie majini wenyewe na wakaribie kulingana na wakubwa. Inaweza kuchukua miaka.