Mchanga wa Ukambani, ghorofa za Nairobi: nani anapaswa kuulizwa?

Fundi, Kayole

Nimejenga Nairobi miaka kumi na tisa, na kwetu ni Makueni, Ukambani. Nalisema hilo mapema ili mjue nimesimama ng'ambo zote mbili.

Mwezi jana nilienda kumzika shangazi. Kuna mto wa msimu tuliokuwa tukiuvuka tukienda shule. Hata kiangazi kikikaza, ulichimba kwa mikono mpaka kwenye kiwiko, maji safi yakatoka, ukanywa, ukaendelea na safari. Sasa pale ni mwamba mtupu na tope lililokauka likapasuka. Kina mama wanaswaga punda mwendo wa saa mbili kutafuta kitu kilichokuwa mlangoni mwao. Mchanga wote ulipakiwa. Na ninajua ulikoenda, kwa sababu nimeukoroga kwa mikono yangu: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, ghorofa baada ya ghorofa, Pipeline, Kasarani, Ruaka.

Hoja yangu ni hii. Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ihakikishe maliasili zinatumiwa kwa njia endelevu, faida yake inagawanywa kwa haki, na wananchi wanashirikishwa katika kulinda mazingira. Lakini vikao vya maoni kuhusu mchanga huitishwa kule lori linakopakia. Huku linakopakua sijawahi kuitwa hata kimoja, na hakuna fundi ninayemjua aliyewahi kuitwa. Mwenye mto anaulizwa kama uchimbwe au usichimbwe. Mwenye ghorofa, ambaye pesa yake ndiyo inayolituma lile lori Ukambani, haulizwi kitu. Nataka Nairobi nayo iketishwe chini: wajenzi, wauza vifaa, wenye ploti, na kaunti yenyewe inayopitisha ramani za majengo.

Dereva wa lori, Mlolongo

Fundi, pole kwa msiba. Ila hapo sikubaliani nawe.

Vikao vimefanyika na sheria zimetungwa. Makueni walipitisha sheria yao ya mchanga 2015, wakaunda mamlaka ya kuisimamia, wakapiga marufuku kuuza mchanga nje ya kaunti. Nairobi iliacha kujenga? Kazi ilisogea Machakos na Kajiado, na nyingine ikasogea usiku. Watu wameuawa kwa ajili ya huu mchanga. Na wale vijana wapakizi, wanaojaza lori kwa koleo na kulipwa kwa lori, kila mtu anawaita waharibifu lakini sijaona aliyewapa kazi nyingine. Hicho kikao chako cha Nairobi kitawalisha?

Fundi, Kayole

Ndugu, umenipa maneno niliyokuwa nikiyatafuta. Makueni walifunga lango lao, mnunuzi akapiga hodi kwa jirani. Angefanya nini kingine, na hakuna aliyezungumza naye?

Mzee, Umoja

Mwanangu, hoja yako inanitia hofu, na nitakwambia kwa nini.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi. Makueni ilikuwa na 987,653. Wakusanye wote uulize, "Mnataka mchanga wa bei nafuu?" Jibu unalo kabla hujafungua kikao. Sisi kule Makueni, enzi za gavana Kibwana, tulihangaika mpaka ushirikishaji ukaanzia kijijini. Watu walikaa chini ya mti wakajadili mradi kabla haujafika wadi. Nimehudhuria vikao hivyo nikiwa likizo nyumbani, na nimemwona mama asiyejua kusoma akimsimamisha ofisa na kumwuliza swali alilokosa kulijibu. Hilo ni jambo kubwa kwetu. Sasa wewe unataka kuleta watu wa mjini, wenye mawakili na wenye magari, wakae meza moja na mama yule. Watammeza.

Mwanafunzi wa jiolojia, Ngara

Naomba niongeze jambo, kwa sababu wengi huku wanadhani mchanga ukiondoka mvua italeta mwingine, basi.

Mto wa msimu wa Ukambani hauonyeshi maji sehemu kubwa ya mwaka. Maji yake yamo katikati ya chembe za mchanga. Mchanga mzuri wa mto unaweza kushika maji kiasi cha robo hadi thuluthi ya ujazo wake, na yakishashuka chini jua haliyafikii. Ndiyo siri ya mabwawa ya mchanga ya Machakos, Makueni na Kitui: unajenga ukuta wa mawe juu ya mwamba, mafuriko yanajaza mchanga nyuma yake, na maji yanajificha humo mpaka kiangazi. Anayepakia mchanga ule anapakia tangi la kijiji pamoja na maji yake. Kinachobaki ni mafuriko yanayopita mbio, kingo zinazomomonyoka na nguzo za madaraja zilizoachwa wazi. Mvua inaleta mwingine, kweli, ila inaleta kwa kipimo chake, na Nairobi inachota kwa kipimo kingine kabisa.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake hapa Gigiri, lilitoa ripoti 2022 kwamba dunia inatumia takriban tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Ripoti ya dunia nzima imetoka mwendo wa matatu moja kutoka mjini, na kwenye mjengo wa Kasarani hakuna anayejua kama mchanga ni kitu kinachoweza kwisha. Kwa sababu hiyo tu namuunga mkono fundi.

Mwalimu mwenye ploti, Ruai

Nisomeni kwa upole. Ninajenga kwa mkopo wa sako, chama cha akiba na mikopo, chumba kimoja kimoja. Lori likifika nauliza mambo mawili: bei gani, na je, una matope? Hakuna aliyewahi kuniambia kuna swali la tatu.

Sikatai kuulizwa. Lakini kama kikao kitatangazwa pembeni mwa gazeti, kisha kifanyike hotelini siku ya kazi saa nne asubuhi, mtakutana na wenye makampuni peke yao. Kifanyieni Ruai, Jumapili alasiri, kwa Kiswahili.

Wa sheria, South B

Mwalimu amegusa penyewe, na kuna jingine la wakati. Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiza rufaa za mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kule Lamu, iliyokuwa imetolewa 2016. Sababu mojawapo kubwa: mikutano iliyofanyika ilikuwa ya mwanzo tu, ya kuutambulisha mradi. Ripoti ya athari kwa mazingira ilipokamilika, watu hawakupewa nafasi ya maana kujadili yaliyomo. Yaani kuulizwa kabla ya kujua unaulizwa nini hakukuhesabiwa.

Kuhusu pesa, Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha, yaani malipo anayotoa mchimbaji kwa madini anayochimba, hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya eneo. Hesabu nzuri kwenye karatasi. Kwale walichimbiwa titani kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024, na kwa miaka mingi kati ya hiyo wenyeji walikuwa bado wanaidai ile 10. Mzee akihofia ahadi za mikutanoni, ana haki.

Fundi, Kayole

Mzee wangu, nimelala na maneno yako. Nakubali nilikosea mahali pamoja. Nilizungumza kana kwamba Nairobi na kijiji waulizwe swali lilelile. Hapana. Kijiji kiulizwe kama mto uguswe au usiguswe, na wakisema hapana, iwe hapana. Nairobi isiulizwe hilo. Nairobi iulizwe itatumia nini badala yake, itajuaje mchanga umetoka wapi, na italipa kiasi gani zaidi ili ujazo uliochukuliwa kihalali ujengewe bwawa la mchanga palepale.

Mzee, Umoja

Hapo nakusikia. Lakini iandikwe, na mpangilio uwe huo: kijiji kwanza.

Dereva wa lori, Mlolongo

Na "badala yake" ndiyo nini? Kama ni mchanga wa kusaga mawe, mimi naubeba pia. Ila machimbo nayo yana majirani. Huku kwetu vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria. Msihamishe kilio cha Makueni mkakileta Mlolongo bila kutuuliza sisi nasi. Mkituuliza, na wale wapakizi wakipewa nafasi kwenye mitambo ya kusaga, mtanipata upande wenu.

Mwalimu mwenye ploti, Ruai

Fundi, mchanga huo wa kusaga unafaa kweli? Nimeambiwa plasta inapasuka.

Fundi, Kayole

Inapasuka ukiwa na vumbi jingi, mwalimu. Chembe zake zina kona, zinataka maji zaidi, na fundi asiyeuzoea ataulaumu. Ukioshwa na kuchekechwa vizuri, kwa msingi na zege ya kawaida nimeutumia na sijarudishwa kazini. Plasta ya mwisho ndiyo inayonisumbua bado, sikufichi. Chukua chupa, tia mchanga nusu, jaza maji, tikisa, iache ikae usiku kucha. Tope likijitandaza juu kwa tabaka nene, rudisha lori.

Na ukinunua wa mto, mwambie dereva akuonyeshe stakabadhi ya ushuru wa kaunti alikopakia. Asipokuwa nayo, umeshajua ulitoka wapi.

Mwalimu mwenye ploti, Ruai

Slabu yangu ilikuwa imwagwe Jumamosi. Nimempigia muuzaji sasa hivi, nimemwuliza hilo la stakabadhi. Amekata simu. Nimeisogeza wiki mbili.