Plasma: wijeti, plasmoidi na apuleti ni kitu kimoja?

Swali:
Habari zenu, ndugu wasanidi. Ninaandika wijeti yangu ya kwanza, yaani programu ndogo ya kukaa kwenye skrini: saa ndogo ya Plasma, mazingira ya eneokazi ya mradi wa KDE, na maneno yamenikwamisha kabla ya msimbo, kwa sababu mwenzangu hukiita kitu kilekile wijeti, mara plasmoidi, mara apuleti. Je, yapo yenye maana tofauti, na paneli (ule upau wa ukingoni mwa skrini) nayo ni wijeti?

Jibu la kwanza:
Ndugu, mtumiaji huona wijeti, kwa hiyo neno hilo ndilo lifaalo katika maandishi yote anayoyasoma. Plasmoidi ni kifurushi chenyewe, yaani faili la metadata (maelezo kuhusu wijeti) pamoja na msimbo wa QML, lugha ya kuandikia violesura, ilhali apuleti ni jina la darasa (class) katika maktaba ya msimbo ya Plasma. Paneli ni kontena: hubeba wijeti na kuzipanga, kama eneokazi lifanyavyo, ingawa katika msimbo darasa la kontena limerithi lile la apuleti, na hapo ndipo wengi wetu huchanganyikiwa.

Jibu la pili:
Naomba pia tutenganishe shughuli (Activities, mipangilio ya eneokazi unayobadilisha kulingana na kazi) na eneokazi pepe. Eneokazi pepe hugawa madirisha na husimamiwa na KWin, programu ya Plasma inayosimamia madirisha. Shughuli huweza kuwa na wijeti na picha ya usuli yake yenyewe. Niliwahi kuitafuta hitilafu ndani ya KWin kwa siku mbili nzima, kumbe aliyeripoti alikuwa amebadilisha shughuli na kuiita eneokazi.

Muuliza swali:
Nashukuruni sana. Nimeshafuta neno apuleti katika maelezo ya saa yangu.