Tupeane uzoefu: Ni mhusika gani wa komedi aliyekubadilikia ukimtazama?

Mleta mada (Ngamiani, Tanga)

Ndugu zangu wa Tanga na wengine mnaotusoma, nina kinyongo cha miaka mingi na leo nimeamua kukitoa hadharani, kwa sababu juzi nilibishana na binamu yangu hadi chai ikapoa. Ubishi ulihusu komedi za familia zinazokwenda msimu baada ya msimu, na swali lilikuwa hili: kwa nini mhusika uliyempenda mwanzoni hufika msimu wa nne au wa tano akawa mtu mwingine kabisa, ilhali jina, nyumba na makochi ni yale yale? Nitaanza na langu, kisha naomba kila mmoja aeleze la kwake, na tafadhali tusitoke nje ya mada.

Langu ni Junior wa My Wife and Kids. Komedi hiyo ya Damon Wayans ilirushwa Marekani kuanzia 2001 hadi 2005, lakini mimi niliipata mwaka 2008 nikiwa kidato cha pili, kwa kukodi DVD kwenye kibanda kimoja karibu na soko la Mgandini. Mwenye kibanda hakujali msimu wa kwanza wala wa mwisho. Alikupa diski iliyokuwapo, na siku ile iliyokuwapo ilikuwa ya msimu wa tano. Ilikuwa imechubuka vibaya. Niliisugua kwa dawa ya meno kutoka katikati kwenda ukingoni kama nilivyofundishwa, nikaifuta kwa kipande cha kanga kuukuu, ikakubali, ingawa kila ilipofika dakika ya kumi na mbili picha iliganda na ilibidi mtu ainuke akaigonge deki kwa kiganja. Humo nikamkuta Junior, kijana mwenye mke na mtoto, tena mjinga kupindukia, mjinga wa kuduwazwa na mlango. Nilicheka sana, nikaamini ndivyo alivyoumbwa.

Wiki tatu baadaye ikarudishwa diski ya msimu wa kwanza, na humo nikamkuta kijana mwingine. Alikuwa mvivu wa masomo na mkaidi kwa baba yake, kama kijana yeyote wa umri wake, lakini akili timamu alikuwa nayo na majibu yake yalikuwa ya mtu anayefikiri. Wenzangu walioitazama kwa mpangilio walimwona akipungukiwa kidogo kidogo, na huenda hawakutambua kabisa. Mimi niliyeanzia mkiani nilikwisha kuujua mwisho wake, kwa hiyo kila aliposema neno la maana nilisikitika kama anayemtazama mgonjwa kwenye picha za siku za uzima wake.

Sizungumzii kubadilishwa kwa mwigizaji. Dada yake Junior, Claire, aliigizwa na Jazz Raycole msimu wa kwanza, na kuanzia wa pili nafasi ikashikwa na Jennifer Freeman, jambo ambalo nyumbani kwetu lilizua maneno yake. Lakini sura mpya unaizoea kwa siku mbili. Ninachokisema mimi ni sura kubaki ile ile na mtu mwenyewe akaondoka.

Mwalimu wa jioni (Chumbageni)

Ahsante kwa mada, kaka. Hapo kwenye sura mpya ndipo tunapoachana, kwa sababu kwangu mimi sura na mtu viliondoka siku moja.

Nazungumzia Aunt Viv wa The Fresh Prince of Bel-Air, iliyorushwa kati ya 1990 na 1996. Misimu mitatu ya kwanza aliigizwa na Janet Hubert, na mitatu iliyofuata na Daphne Maxwell Reid. Marehemu mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na hakuwa mtu wa televisheni, ila Aunt Viv alimwita aje kutoka jikoni hata kama ubwabwa ulikuwa motoni. Alimpenda kwa sababu alikuwa mke wa tajiri mwenye elimu yake mwenyewe, aliyesimama mbele ya darasa akawafundisha mpwa wake Will (aliyeigizwa na Will Smith) na mwanawe Carlton historia ya watu weusi, na aliyeweza kumnyamazisha mumewe, jaji yule mwenye mwili wa kifaru, kwa jicho moja tu.

Kuna kipande cha msimu wa pili ambacho Aunt Viv, akitimiza miaka 40, anaingia kwenye darasa la wacheza dansi vijana wanaomdharau, akiwa amevaa nguo ya kubana ya rangi ya waridi, na anawacheza wote mpaka wanabaki midomo wazi. Mama alikuwa na miaka 43 tulipokitazama. Aliuweka mwiko juu ya stuli, akafunga kanga kiunoni, akajaribu ile hatua ya kuzunguka pale pale sebuleni kati ya meza na kabati la vyombo. Vikombe viwili vilianguka na hakuna aliyethubutu kucheka.

Halafu ukaja msimu wa nne. Aunt Viv mpya ni mpole, anatabasamu, anatuliza ugomvi, na kazi yake kubwa imekuwa kuwauliza wengine mmekumbwa na nini. Simlaumu Daphne hata kidogo, kwa kuwa mwigizaji hujaza kile alichoandikiwa, na huyu hakuandikiwa darasa wala dansi. Waandishi wenyewe walilifanyia mzaha badiliko hilo: rafiki yake Will, Jazz, anamwambia mama mwenye nyumba kwamba tangu ajifungue kuna kitu kimebadilika kwake, na Will anaigeukia kamera. Ukumbi mzima ulicheka. Mama hakucheka; alisema, "Kumbe wanajua," akarudi jikoni. Kuhusu Nicky, mtoto aliyezaliwa msimu wa tatu na kufikia wa tano akiwa anabishana na watu wazima, mama alisema tu kwamba mtoto huyo anakua kama mpapai.

Mwaka 2020 Janet Hubert na Will Smith walikaa pamoja mbele ya kamera wakapatanishwa baada ya miaka 27. Niliitazama peke yangu.

Mfanyabiashara mdogo (Mikanjuni)

Dada wa Chumbageni, nakuheshimu, ila mimi nilianzia msimu wa nne, kwa hiyo Aunt Viv wangu ni huyo mpole, na yule wa kwanza nilipokuja kumwona alinitisha. Nahisi ugomvi wote huu ni wa nani alitangulia kufika kwenye macho ya nani.

Mzee wa Makorora

Tangu mada ianze sijaona shikamoo hata moja, lakini naendelea.

Nyinyi mnalilia komedi za juzi. Sisi tulikuwa na Mind Your Language ya Waingereza, ile ya darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza kwa Bwana Brown, iliyorushwa kwao kati ya 1977 na 1979. Mpwa wangu aliyefanya kazi Mombasa alikuja na kanda zake kupitia Horohoro, zimefungwa ndani ya shuka, na nyumba yetu ikageuka sinema. Ilikuja kurudishwa mwaka 1986 na mwalimu alikuwa yule yule, Barry Evans, lakini viti vingine vilikuwa na watu wengine. Ali hakuwapo, kwa kuwa Dino Shafeek aliyemwigiza alifariki mwaka 1984, na pengo la marehemu halina wa kulaumiwa.

Nilichokiona, na vijana mnisahihishe, ni kwamba wanafunzi wale hawakuharibika hata misimu ilipoongezeka, kwa sababu ndogo tu: tangu siku ya kwanza kila mmoja alipewa kioja kimoja na lafudhi moja, basi. Walianza wakiwa wamekwisha kupunguzwa. Hali kadhalika Mzee Ojwang wa Vitimbi ya Kenya, aliyeigizwa na Benson Wanjau aliyefariki mwaka 2015: miaka nenda miaka rudi alikuwa ni Ojwang yule yule, na hakuna aliyedai kwamba zamani alikuwa mtu mwingine. Anayeumiza ni yule aliyeanza akiwa mtu kamili.

Mshereheshaji (Pangani)

Shikamoo mzee wetu, na tuwie radhi.

Maneno yako yamenigusa, kwa sababu kisa changu kinahusu mtu aliyeanza akiwa kamili pamoja na familia yake nzima, kisha wote wakamezwa. Family Matters ilianza mwaka 1989 kama habari za akina Winslow: Carl, polisi wa Chicago, mkewe Harriette, watoto watatu, na bibi. Steve Urkel hakuwapo. Aliingia katikati ya msimu wa kwanza kama mgeni wa sehemu moja tu, kijana jirani mwenye suruali iliyopandishwa hadi mbavuni na sauti ya mlango usiotiwa mafuta, na watu ukumbini walipomcheka ikabidi arudi, akarudi tena, mpaka nyumba ikawa yake. Misimu ya baadaye anaunda mashine ya kumgeuza kuwa Stefan mtanashati, na kufikia mwisho mwaka 1998 yuko angani ndani ya chombo cha kwenda mbali na dunia! Carl, aliyekuwa baba mwenye mawazo na madeni kama baba zetu, kazi yake ikabaki kupiga kelele na kuangukiwa na ukuta. Mtoto wa mwisho, Judy, baada ya msimu wa nne hakuonekana tena. Hakufa wala hakuhama, na hakuna aliyemuulizia hata mezani. Katika msimu wa mwisho kabisa hata Harriette alibadilishwa mwigizaji, na kufikia hapo nilikuwa nimechoka kulalamika.

Niliitazama kwenye kibanda umiza kimoja karibu na mto, jenereta likinguruma nyuma ya turubai, na nakumbuka vizuri kwamba Carl alipozungumza na mwanawe jambo la maana, watu walitoka nje kununua karanga. Urkel alipoingia walirudi mbio. Kwa hiyo nikijiuliza nani alimharibu Carl, siwezi kuanza na waandishi wa Marekani. Komedi ile ilirekodiwa mbele ya watazamaji, na mwandishi alisikia kwa masikio yake pale kicheko kilipozidi.

Nasema hivi kwa kuwa yamenikuta. Mimi ni mshereheshaji wa harusi. Miaka sita iliyopita, katika harusi moja, niliigiza mjomba mlevi anayedai mahari yake haijatimia. Ilikuwa dakika tatu tu, nikiziba pengo wakati bwana harusi anasubiriwa. Tangu hapo kila anayenipigia simu anaanza na "mjomba utakuja naye?" Nina mashairi, nina nasaha, nina namna ya kutambulisha koo mbili bila kumuudhi mtu, na mwezi uliopita nilijikuta nikiingia ukumbini tayari napepesuka, kabla sijashika kipaza sauti.

Kijana wa Raskazone

Shikamooni wakubwa. Mimi ni wa kizazi cha kupakua usiku bando likiwa nafuu, na jeraha langu ni Andy Bernard wa The Office ya Marekani (2005 hadi 2013).

Andy aliingia msimu wa tatu akiwa mtu wa kujipendekeza na hasira za ghafla, hata akatoboa ukuta kwa ngumi na kupelekwa kufunzwa kuzidhibiti. Kisha taratibu, na hapa waandishi walifanya kazi nzuri, akawa mtu wa kuonewa huruma: mwimbaji asiyesikilizwa, mwana asiyependwa na baba yake. Steve Carell, aliyeigiza meneja, alipoondoka mwaka 2011, Andy akapewa umeneja msimu wa nane, na nikafurahi kama nimepandishwa cheo mimi. Msimu wa tisa anapanda mashua na kupotea kwa miezi mitatu, anamwacha mchumba na kazi, na anarudi akiwa mbinafsi asiyevumilika. Sababu ya nje inajulikana, kwamba Ed Helms, aliyemwigiza Andy, alikuwa akipiga filamu nyingine na ilibidi atafutiwe mahali pa kwenda, lakini kutokuwapo kwa mtu si sababu ya kumrudisha akiwa hana utu.

Kuna watakaosema hata watu wa kweli hubadilika. Ni sawa, ila mtu wa kweli akibadilika hubaki na alama. Mjomba wangu aliacha pombe akawa mcha Mungu na bado anacheka kicheko kile kile cha kilabuni. Andy hakubaki na alama yoyote ya ule msimu wa saba.

Mleta mada

Mzee wetu shikamoo, kosa nimelikubali.

Ndugu wa Mikanjuni, hoja ya nani alitangulia nimeifikiria usiku kucha, na haiko sawa na kisa changu: mimi nilianza na Junior mjinga, nikamcheka na kumpenda, na bado nilipokutana na yule wa mwanzo nilimchagua huyo. Kwa hiyo si mazoea peke yake. Mzee wa Makorora ameligusa lenyewe, na Wamarekani wamelipa jina kutokana na Ned Flanders wa The Simpsons, katuni iliyoanza mwaka 1989, ambamo Flanders alikuwa kwanza jirani mwema, baba hodari na mtu wa dini, kisha mwaka hadi mwaka wema na ubaba vikafifia na dini ikabaki peke yake, tena dini ya kuchekwa. Ndivyo alivyofanyiwa Junior, na nikimsikia ndugu wa Pangani namwonea huruma yeye zaidi kuliko Carl.

Niligusia yaliyotokea nyumbani kuhusu Claire. Bibi mzaa mama alikuwa akitazama pamoja nasi huku akichambua mchele, na msimu wa pili ulipoanza na msichana mwingine akiitwa Claire, tulijaribu kumweleza habari za waigizaji na mikataba, akatupungia mkono. Alisema yule wa kwanza amepelekwa bweni Lushoto, kwa sababu ya baridi na nidhamu, na huyu ni binamu yake aliyekuja kukaa na wazee, ndiyo maana wamempa jina la mwenyewe wasipate upweke. Tukaona haina haja ya kubishana. Hadi leo komedi ile ikirudiwa kwenye televisheni mwezi wa Desemba, bibi huuliza kama shule za Lushoto hazijafungwa bado.